Njia ya Mlimani

Alhamdulillahi, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika Sura ya 90, Al-Balad, Mwenyezi Mungu amemtaja mwanadamu aliyeonyeshwa njia mbili, ambazo wengi wa wanavyuoni wamezifasiri kuwa ni ya kheri na ya shari. Kisha ikataja Qurani al-aqaba, yaani njia nzito ya kupanda mlimani, ambayo mtu huyo hakuikabili. Na ilipoieleza haikutaja mambo ya ajabu: ni kumwacha huru mtumwa, na kumlisha siku ya njaa yatima aliye jamaa, au maskini aliyelala mchangani. Tuzingatie. Sahani ya chakula ina uzito gani? Kwa mkono haina. Uzito wake ni kwa nafsi, kwani siku ya njaa mwenye kutoa naye ana njaa.

Kila aliyevuka Likoni amemwona hamali na mkokoteni wake. Akiteremka kwenda kwenye feri, kazi yake ni kuuzuia tu, maana mzigo unakwenda wenyewe. Akipanda upande wa pili, mishipa humsimama shingoni, na akiulegeza mara moja unarudi nyuma. Ndivyo ilivyo nafsi. Choyo hakuna aliyefundishwa chuoni. Wema ndio unaotaka kusukumwa.

Wako wanaosema: "Moyo wangu haujataka kutoa, na nikitoa hali naona uzito nitakuwa mnafiki. Nangoja ulainike." Hili ni kosa. Mwenye kuona uzito, kisha akatoa kwa ajili ya Mungu, hakunafiki. Amepigana na nafsi yake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ameeleza katika Ihyau Ulumid-Din kwamba atakaye ukarimu na ajilazimishe vitendo vya wakarimu, tena na tena, mpaka viwe tabia yake. Kama atakaye hati nzuri anavyoanza kwa kuiga mkono wa mwandishi hodari. Basi tusingoje moyo. Mkono hutangulia, na moyo ukaja nyuma.

Mfano ni Abu Talha (r.a.). Alikuwa na shamba la mitende, Bairuhaa, lililoelekea Msikiti wa Mtume mjini Madina, akilipenda kuliko mali yake yote. Iliposhuka aya ya 92 ya Aal-Imran, inayotutaka tutoe katika tuvipendavyo, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akalitoa. Mtume akamwelekeza awape jamaa zake, naye akaligawa baina ya jamaa na binami zake. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Tazameni: hakupelekwa mbali, alirudishwa kwao.

Na kwetu pia mlima uko nyumbani. Mtu hufa akaacha nyumba. Kaka mkubwa hukaa humo akichukua kodi ya vyumba, na dada zake wakiuliza huambiwa: "Nyumba ya baba haigawanywi; mwataka kutuaibisha?" Miaka kumi hupita. Dada mmoja ni mjane, anashona kofia apate karo ya wanawe. Kaka huyo haikosi safu ya kwanza, na Ramadhani hupeleka futari msikitini. Futari ni kheri. Lakini anatoa kilicho chepesi kwake, na kizito anakizuia, tena si chake. Kumpa dada fungu lake si ukarimu, ni haki. Sura An-Nisaa imeyataja mafungu hayo na kuyaita mipaka ya Mwenyezi Mungu. Tukishindwa na haki, ukarimu tutaufikia wapi?

Wala hatusemi haya kwa kujitakasa. Nasi tumepata kuombwa hesabu ya mali ya jamaa tuliyowekewa, tukajibu "kesho" hali daftari li mkononi. Na kesho ile ikawa miezi.

Basi tushike mambo matatu. La kwanza, tukiazimia kheri tuiwekee siku: tuwaite wenye haki na mashahidi, twende kwa kadhi, mafungu yaandikwe wiki hii, kabla nafsi haijapata hoja nyingine. La pili, kila siku tuihalifu nafsi katika jambo dogo asiloliona mtu: tuijaze mizani, tumlipe kibarua kabla hajadai, tumwachie mwenzetu mahali pazuri. La tatu, baada ya Isha tujihesabu, tusijiulize tumetoa kiasi gani, bali ni wapi leo tuliulegeza mkokoteni.

Na juu ya yote tuombe, kwani Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Mungu na ubakhili. Sura Al-Hashr, aya ya 9, imewasifu Ansari waliowatanguliza wenzao nao wana haja, kisha ikawataja waliofuzu kuwa ni wale walioepushwa na choyo cha nafsi zao. Wameepushwa: kusukuma ni kwetu, na kufika ni kwa taufiki yake.

Mwenyezi Mungu atusaidie, wala asituache katikati ya mlima. Amin.