Mfupa wako si kijiti kikavu

Hebu weka daftari chini kidogo. Shika mkono wako wa kushoto kwa mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja, ubonyeze taratibu. Unahisi vitu viwili vigumu vilivyolala sambamba? Hiyo ni mifupa miwili ya kigasha, yaani sehemu kati ya kiganja na kiwiko. Kijana akiteleza kwenye mwembe au akirushwa na pikipiki pale njia panda ya Nangurukuru, mara nyingi huumia hapo hapo, kwa sababu anayeanguka hutanguliza kiganja.

Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto mchanga anayo mingi zaidi, karibu 300, kisha mingine huungana kadiri anavyokua. Kila mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27, na kila unyayo 26. Jumlisha mwenyewe: 106, zaidi ya nusu ya yote! Mrefu kuliko yote ni mfupa wa paja. Mdogo kabisa umo ndani ya sikio, na ni mdogo kuliko punje ya mchele. Mbavu kwa kawaida ni 24, yaani 12 kila upande, kwa wavulana na wasichana sawasawa. Ule ubishi wa kijiweni kwamba mwanamume ana ubavu mmoja pungufu, umalize kwa kuhesabu.

Mifupa hutusimamisha, hulinda ubongo, moyo na mapafu, na baadhi yake hutengeneza damu katika uboho, ile nyama laini ya ndani.

Huku Lindi mifupa yetu ina sifa duniani. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dainosaria katika kilima cha Tendaguru, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi. Kiunzi kimoja kimesimama mpaka leo kwenye makumbusho ya Berlin, kirefu zaidi ya mita 13. Lakini mifupa ile ina miaka kama milioni 150, imeshakuwa mawe. Wako wewe u hai. Una mishipa ya damu na ya fahamu, ndiyo maana ukivunjika unavuja damu kwa ndani, unauma vibaya, na ndiyo maana pia unaweza kujiunga tena.

Na wewe uliye sekondari una jambo jingine. Karibu na ncha za mifupa yako mirefu kuna tabaka la gegedu, kitu laini kama kile cha kwenye sikio. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Ukimaliza kukua, wasichana wakitangulia wavulana, tabaka hilo hugeuka mfupa mgumu. Likiumia kabla ya hapo na lisitibiwe vizuri, mkono unaweza kubaki mfupi au ukakua umepinda. Kwa hiyo usiseme "nimeteguka tu, nitakandwa maji ya moto". Kama umevimba na hauwezi kushika kitu, nenda ukapigwe picha ya eksirei.

Haya, tuseme rafiki yako ameanguka sasa hivi na mkono umepinda. Watu wamejaa, kila mmoja daktari. Mmoja anataka kuuvuta unyooke, mwingine ameshaleta mafuta ya kuchulia. Wakatalie kwa heshima: "Samahani mzee, tusiuguse kwanza." Kuvuta na kuchua kunaweza kukata mishipa kwa ncha za mfupa. Chukua boksi gumu au vijiti viwili, zungushia kanga iwe laini, uweke mkono ndani vile vile ulivyo. Funga juu na chini ya palipovunjika, usifunge penyewe. Kanga nyingine ining'inizwe shingoni ibebe mkono. Kama mfupa umetoboa ngozi, usiurudishe ndani. Funika kwa kitambaa safi. Asile wala kunywa, huenda akahitaji dawa ya usingizi.

Kama analalamika shingo au mgongo, au hahisi miguu, hapo ni habari nyingine. Asikalishwe, na asipakiwe mshikaki kwenye bodaboda. Alale palipo sawa, kichwa kishikwe kisigeuke, mpaka upatikane ubao na gari.

Mwingine mpelekeni kituo cha afya cha karibu au hospitali ya wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje. Njiani angalia vidole vyake kila mara. Vikiwa vya baridi, vimebadilika rangi au vina ganzi, umefunga mno, legeza. Hata akishafungwa plasta ngumu, ule "muhogo" mweupe, au bango za fundi wa mifupa kijijini, dalili hizo hizo zikitokea arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Damu isipofika vidoleni kwa saa chache tu, mkono uliovunjika unaweza kuishia kukatwa.