PISINE: TUPUNGUZE UMEME, TUSIPUNGUZE AFYA



Somo la leo ni juu ya pompi ya pisine. Wengine watauliza: munganga anatafuta nini kwa pompi? Hiyo si kazi ya fundi wa umeme? Ndiyo, ni kazi ya fundi. Lakini maji yanayopita katika pompi yanaingia katika macho, masikio na vinywa vya watoto wetu. Pompi ikiendeshwa vibaya, mgonjwa hapelekwi kwa fundi. Analetwa kwetu, dispanseri.

Kila mtu anajua kwamba umeme hautoshi kwetu. Migodi ya Haut-Katanga na Lualaba inatumia nguvu za mto Lualaba, kule Nzilo na Nseke. Inatumia tena umeme wa Inga, unaofika Kolwezi kwa waya wa kilomita karibu 1.700. Hata hivyo makampuni yanalazimika kununua umeme mwingine Zambia. Basi, shefu akisema pisine ya serkle inakula umeme mwingi, amesema kweli, na ni haki kuupunguza. Neno ni hili: tuupunguze namna gani? Kuna njia ya akili, na kuna njia inayoleta ugonjwa.

1. KAZI YA POMPI NI NINI?

Pompi ni kama moyo wa mtu. Inavuta maji machafu kutoka pisine, inayapitisha katika chujio cha mchanga, kiisha inayarudisha safi. Katika njia hiyo ya kurudi ndimo klori inamotiwa, pamoja na asidi kidogo ya kusawazisha maji. Moyo ukisimama, dawa haifiki mwilini. Pompi ikisimama, klori haifiki katika pembe zote za pisine.

Klori ina nguvu, lakini haiui kila kijidudu kwa mara moja. Tuchukue maji yenye miligramu 1 ya klori huru kwa litri, yaliyosawazishwa vema. Kijidudu E. coli cha kuharisha kinakufa katika muda usiofika dakika 1. Kile cha homa ya manjano ya ini, aina ya A, kinataka karibu dakika 16. Giardia inataka karibu dakika 45. Na kuna kingine, kinaitwa Cryptosporidium, ambacho kinaweza kuishi zaidi ya siku 10 katika maji hayo. Ndiyo sababu klori peke yake haitoshi. Maji yanapaswa kutembea na kuchujwa.

2. NJIA MBAYA: KUZIMA TU

Mtu anaona kompteri inazunguka, anazima pompi usiku mzima au siku tatu, anafurahi. Tuone kinachofuata.

Kwanza, jua la mchana linakula klori. Bila pompi hakuna mpya inayokuja. Ukungu wa kijani unaanza kushika kuta, na maji yanapoteza mwangaza. Maji yasiyoonyesha chini ni hatari kubwa: mtoto akizama, mwangalizi hamwoni.

Pili, maji yaliyotulia bila dawa ni nyumba ya mbu. Mbu wa malaria anapenda maji safi yasiyotembea. Kwa joto la kwetu, toka yai hadi mbu anayeruka ni siku 7 hadi 14 hivi. Pisine iliyoachwa juma mbili inaweza kupeleka malaria katika nyumba zote za jirani, hata kwa wale wasiojua kuogelea.

Tatu, chombo kinachopima klori kiko ndani ya bomba. Maji yakisimama, chombo hicho kinapima yale maji machache ya bomba tu. Hakijui hali ya pisine.

3. NJIA YA AKILI: KUPUNGUZA MWENDO

Fikiri mtu wa baiskeli anayekwenda kinyume cha upepo. Akienda polepole, hachoki sana. Akitaka kwenda mbio mara mbili, nguvu ya kupasua upepo haizidi mara mbili tu: inazidi karibu mara nane. Pompi ina sheria ya namna ile ile. Mwendo wake ukiwa nusu, maji yanayopita kwa saa moja ni nusu, lakini nguvu inayoliwa inashuka karibu hadi sehemu moja ya nane.

Basi piga hesabu. Maji yaleyale yatachukua saa mbili pahali pa saa moja, lakini umeme ulioliwa kwa jumla ni karibu robo. Polepole na muda mrefu ni bei ndogo kuliko mbio na muda mfupi.

Mafundi wanatumia chombo kinachoitwa variateri. Kinabadili mwendo wa moteri. Kikiunganishwa na saa, na kipimo cha klori, na kipimo cha mtiririko wa maji, pompi inakuwa kama mtu mwenye akili: watu wakiwa wengi inakaza mwendo, wakienda kulala inapunguza.

Mfano. Pisine ya metri 25 kwa 10, yenye kina cha metri 1,60 kwa wastani, ina metri kibiki 400 za maji. Pompi ya kilowati 7,5 inayopeleka metri kibiki 100 kwa saa inayazungusha yote kwa saa 4.

– Ikienda mbio saa 24: 7,5 × 24 = kilowati-saa 180 kwa siku.
– Ikienda mbio saa 10 za mchana, watu wakiogelea: kilowati-saa 75. Kiisha ikienda nusu mwendo saa 14 za usiku: kwa hesabu ya karatasi ni kilowati karibu 1, lakini moteri na bomba vinapoteza kidogo, tuseme 1,5. Hiyo ni kilowati-saa 21. Jumla ni 96.

Faida ni kilowati-saa 84 kila siku. Umeme huo unaweza kuwasha balbu 700 za wati 10 kwa saa 12 za usiku. Na maji hayakusimama hata dakika moja.

Siku serkle imefungwa, nusu mwendo unaweza kuendelea mchana vilevile, ikiwa klori inabaki katika kipimo. Lakini siku ya posho na siku ya yenga, watoto wakijaa pisine, msiibane pompi. Siku hizo umeme ni dawa.

4. HATARI KUBWA: POMPI IMESIMAMA, DAWA INAENDELEA

Hapa naomba kila fundi na kila mwangalizi asome mara mbili.

Klori ya maji, yaani ndugu ya javeli, na asidi vinaingia katika bomba kwa pompi ndogo mbili. Maji yakitembea, kila kimoja kinachanganyika na maji mengi, hakuna ubaya. Umeme ukikatika, au variateri ikisimamisha pompi kubwa, na zile pompi ndogo zikiendelea kudondosha, klori na asidi vinakutana vikali ndani ya bomba. Vinazaa gazi ya klori. Hiyo gazi ni sumu. Iko inangoja ndani ya bomba. Pompi kubwa ikianza tena, inaisukuma mpaka pisine, katikati ya watoto wanaoogelea.

Kwetu umeme unakatika na kurudi mara nyingi. Kwa hiyo shika amri hizi:

a) Pompi ndogo za dawa zifungwe pamoja na kipimo cha mtiririko. Maji hayatembei, dawa haitembei. Haitoshi kufuata saa peke yake wala umeme wa pompi kubwa peke yake, maana moteri inaweza kuzunguka na bomba limeziba.

b) Umeme ukikatika, watu wote watoke katika maji. Pompi isijiwashe yenyewe watu wakiwa ndani. Mwangalizi ahakikishe pisine ni tupu, kiisha fundi awashe. Watu warudi baada ya maji kutembea na kupimwa, na hakuna harufu kali.

c) Usimwage kamwe klori na asidi katika ndoo moja, wala usitumie kipimo kimoja kwa vyote viwili. Kila dawa na chumba chake, au angalau ukuta wake.

Mtu akipigwa na gazi, anakohoa, macho yanawaka, kifua kinabana, pengine anatapika. Fanya hivi:

– Mtoe katika maji na umpeleke penye hewa safi. Usiingie katika chumba chenye gazi bila kinyago cha gazi.
– Mvue nguo zilizoloana na dawa. Osha macho kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15.
– Mkalishe, mgongo ukiegemea. Asitembee-tembee, asikimbie.
– Usimnyweshe maziwa. Maziwa yanakwenda tumboni, nayo gazi iko katika mapafu.
– Mlete dispanseri upesi, hata kama anasema amepona. Mapafu yanaweza kuvimba baada ya saa nyingi. Aliyecheka jioni anaweza kukosa pumzi usiku.

5. FUNDI, JILINDE WEWE PIA

Kabla ya kufungua pompi, kata umeme, tia kufuli yako, tundika kibao. Tena variateri si kama swichi ya nyumbani: inabakiza umeme ndani hata baada ya kukatwa. Ngoja dakika zilizoandikwa juu ya kifuniko chake, pima, ndipo uguse. Mikono iwe mikavu, viatu viwe vya mpira.

Angalia manometri ya chujio. Kwa mwendo mkubwa, sindano ikipanda karibu bari 0,5 kuliko siku chujio kilipokuwa kisafi, ni wakati wa kukiosha. Lakini kwa nusu mwendo mkazo unashuka karibu hadi robo, na chujio chafu kinaonekana kama kisafi. Usidanganyike. Soma manometri siku zote kwa mwendo uleule, ule mkubwa. Na kuosha chujio kunataka mwendo mkubwa vilevile: maji ya polepole hayanyanyui mchanga.

Vifuniko vya matundu ya chini viwe vizima na vimefungwa kwa skrubu. Pompi ikienda mbio inavuta kwa nguvu, inaweza kushika nywele au mkono wa mtoto. Kifuniko kimoja kikivunjika, zima pompi na ufunge pisine mpaka kitengenezwe.

6. BUKU LA PISINE

Chombo chenye akili hakiondoi mtu mwenye akili. Asubuhi kabla ya kufungua, saa sita mchana, na jioni, mwangalizi achukue maji kwa mkono wake, ayapime na kuandika katika buku:

– klori huru: miligramu 1 hadi 3 kwa litri;
– pH: 7,2 hadi 7,8;
– mwangaza: mstari mweusi wa chini unaonekana wazi penye kina kirefu;
– namba ya kompteri ya umeme.

Namba za afya na namba ya umeme zikae katika ukurasa mmoja. Umeme ukishuka na klori ikibaki vema, mmefanya kazi nzuri. Umeme ukishuka na maji yakibadilika, faida hiyo si faida. Mtatumia franga zile zile, na zaidi, kununua dawa za kuharisha na za malaria. Hapo ongezeni mwendo siku ileile, msingoje ripoti ya mwisho wa mwezi.

Na wewe mama, na wewe kijana, mna kazi yenu. Oga kwa sabuni kabla ya kuingia. Mtoto anayeharisha abaki nyumbani. Ile harufu kali inayouma macho si alama ya usafi: inatoka kwa klori iliyokutana na jasho na mkojo. Maji yakiwa machafu kidogo, chujio na klori vina kazi kidogo, na pompi inaweza kwenda polepole. Kila anayeoga kwanza amepunguza umeme wa kampuni.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Pompi ikienda nusu mwendo, maji yanapungua mara ngapi? Na nguvu?
2. Kwa nini kuzima pompi juma mbili kunaweza kuleta malaria?
3. Umeme umekatika, watoto wako majini. Utafanya nini kwanza? Na umeme ukirudi?
4. Kwa nini manometri isomwe kwa mwendo uleule?
5. Mtu amevuta gazi ya klori, anasema hajambo. Utamwacha aende nyumbani?

Wasimamizi wa ekipe wasome maswali haya na watu wao mwanzoni mwa posti, wakipewa dakika 10. Asiyejua jibu, arudi kwenye somo.

Pompi polepole, macho wazi. Usalama kwanza!