Mbayuwayu na Popo: Je, Wote Ni Ndege?

Ndugu msomaji, huenda umesikia ikisemwa kwamba popo ni ndege kipofu, naye akiingia darini huleta nuksi. Neno kama hili halifai kukubaliwa kwa sababu tu ya wingi wa wasemao. Yafaa kiumbe mwenyewe atazamwe. Na tumweke kando ya mbayuwayu, ndege mwimbaji atujiaye Afrika Mashariki kutoka Ulaya na Asia kila mwaka, kuanzia Septemba hivi. Popo tunayemkusudia ni yule mdogo akaaye mapaani, ambaye mkia wake huchomoza nje ya ngozi iliyo kati ya miguu.

Kazi zao zafanana mno. Wote wawili huwinda wadudu hali wakiruka, mmoja mchana, mwingine baada ya jua kuchwa. Hapo ndipo wengi hukomea, wakahukumu kwamba kila mwenye mabawa na damu ni ndege. Lakini litazame bawa lenyewe! La mbayuwayu ni manyoya yaliyoota katika mkono ambao vidole vyake vimepungua na kuungana. La popo halina unyoya hata mmoja. Ni ngozi iliyotandwa juu ya vidole vinne virefu, na kidole gumba kimeachwa huru, chenye ukucha. Tena mbayuwayu hutaga mayai, naye popo huzaa mtoto mmoja akamnyonyesha. Basi popo ni mnyama, ingawa yu angani.

Wala si kipofu. Macho anayo, na huona. Ila gizani hutegemea zaidi masikio. Mwaka 1793 Lazzaro Spallanzani wa Italia aliona kwamba popo waliopofushwa (jaribio la kikatili, hapana shaka) waliruka bila kujigonga. Louis Jurine wa Geneva akaonyesha kwamba wakizibwa masikio hujigonga. Sababu haikujulikana hata 1938, pale Donald Griffin na G. W. Pierce huko Harvard, Marekani, waliponasa kwa chombo sauti za popo zilizo nyembamba mno kwa sikio la mwanadamu. Popo hutoa sauti, na mwangwi humweleza alipo mdudu.

Ikiwa basi popo wamo darini mwako, usiwafukize kwa moshi: watoto wao wasioweza kuruka watafia humo. Usiwashike kwa mkono mtupu, maana waweza kuuma na kuambukiza maradhi. Ngoja watoto waanze kuruka, kisha uzibe matundu usiku, wote wakiwa wametoka.