Tuzo ya Msuluhishi: Je, Mahakama Itaanza Upya?



Kamati za ujenzi hutuuliza: "Msuluhishi akiamua tusivyoridhika, si tutakwenda Mahakama Kuu?" Tujifunze jibu lake, maana linagusa fedha za washarika na za wafadhili.

Mikataba mingi ya ujenzi ina kifungu kinachopeleka mgogoro kwa msuluhishi. Uamuzi wake huitwa tuzo, nao kwa kawaida ni wa mwisho. Hapa Tanzania mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1931.

Tuchukue mfano. Mkandarasi wa zahanati anadai malipo ya msingi uliochimbwa kwenda chini kuliko mchoro. Kamati inasema haikuagiza. Msuluhishi anasikiliza pande zote, kisha anamwamini mkandarasi. Hata kama amekosea vipimo, mahakama haitakwenda kupima msingi upya. Pingamizi husikilizwa kwa sababu hizi:

1. Msuluhishi hakuwa na mamlaka juu ya mgogoro huo.
2. Uendeshaji ulikuwa na kasoro kubwa iliyoleta dhuluma, kwa mfano upande mmoja kunyimwa nafasi ya kujieleza.
3. Ipo hoja ya kisheria. Hii ina masharti yake, na wahusika wanaweza kukubaliana kuiondoa.

Muda nao ni mfupi: siku 28 tangu tarehe ya tuzo. Kamati inayokutana kila baada ya miezi mitatu inaweza kukuta mlango umefungwa.

Kwa nini sheria iko hivyo? Kwa sababu wahusika wenyewe walichagua njia hiyo ili wamalize mapema. Kama mahakama ingesikiliza yote upya, kila mgogoro ungeamuliwa mara mbili, na jengo lingebaki bila paa.

Basi tuzingatie haya:

- Tusome kifungu cha usuluhishi kabla ya kusaini, siyo baada ya kugombana.
- Kila agizo la nyongeza liwe kwa maandishi, lenye tarehe na sahihi.
- Ushahidi wote tuupeleke kwa msuluhishi. Karatasi iliyosahaulika kabatini haitatusaidia baadaye.

Swali la kujadili: Mkataba wa jengo lenu unatunzwa wapi, na ni wajumbe wangapi wameusoma?