SOMO: NI NANI HASA ANAYECHAGUA MAKAA?



Siku hizi wataalamu wanazungumza sana juu ya matumizi yanayotunza mazingira. Maana yake ni kununua na kutumia vitu bila kuwaharibia ardhi, maji na miti wale watakaokuja baada yetu. Jambo hili lilitiliwa mkazo katika mkutano wa mataifa wa Rio de Janeiro mwaka 1992, na tangu hapo vyuo vikuu vimeliandikia mengi. Tutazame linatuhusu vipi sisi tunaopikia makaa hapa Bujumbura.

Hapo mwanzo watafiti walimwuliza mnunuzi mmoja mmoja: Je, wewe unajali mazingira? Wengi walijibu ndiyo. Lakini huko Uingereza mwaka 2000 ilielezwa kuwa watu kama 30 katika kila 100 walisema wanajali, na bidhaa zenyewe zilipata kama 3 tu katika 100 za soko. Wengine wakasema basi watu wafundishwe zaidi. Mwaka 2010 mtaalamu mmoja wa elimu ya jamii, Elizabeth Shove, alipinga njia hiyo. Alisema si haki kumbebesha mnunuzi mzigo wote, wakati maisha yake yamekwisha kupangwa na vitu vilivyopo, kazi yake na mazoea ya jamii. Sisi tunaona mama huyu amesema kweli, ingawa sidhani amewahi kununua makaa ya kopo Buyenzi.

Mfanyakazi anayelipwa kwa siku hanunui gunia. Jioni akitoka kazini hununua kopo moja, kesho yake kopo lingine. Fanyeni hesabu wenyewe: jumlisheni makopo ya mwezi mzima, kisha mlinganishe na bei ya gunia. Mwenye kipato kidogo ndiye anayelipa bei kubwa. Na katika tanuri la udongo huweza kuhitajika kilo 6 hadi 10 za kuni kupata kilo 1 ya makaa. Miti hiyo inakatwa vilimani, na kilima kilicho uchi hakishiki maji. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua kubwa iliteremsha maji na matope katika Kamenge, Kinama na Buterere, wakafa watu zaidi ya 60. Wanaokaa huko ni wafanyakazi wenzetu.

Je, jiko bora? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi wa Kenya walichukua mfano kutoka Thailand wakatengeneza jiko la bati lenye udongo wa kuchoma ndani. Likitengenezwa vizuri, huokoa theluthi moja ya makaa, hata nusu. Lakini bei yake hutakiwa yote kwa mara moja. Mwenzetu mmoja alijinyima akanunua, na kabla ya mwezi kwisha udongo ukapasuka, kwa maana fundi alikuwa ameiga umbo tu bila kuuchoma udongo sawasawa. Tangu siku hiyo mtaa wake mzima hautaki kusikia habari za jiko bora, nasi hatuwezi kuwalaumu.

Sasa tazameni chupa ya Primus. Nani anaitupa? Hakuna, maana ina amana yake na kila duka huipokea. Hatukuhubiriwa, ilipangwa hivyo. Mifuko ya plastiki je? Amri ya kuikataza ilitolewa Agosti 2018, ikatoa miezi 18 ya kujiandaa, lakini hata baada ya muda huo kwisha mwaka 2020 mifuko iliendelea kuonekana sokoni. Muuza dagaa afunge kwa nini, kama kifungashio kingine ni ghali kuliko faida yake?

Kwa hiyo tunaleta jambo hili katika mikutano ya matawi. Tawi moja liweze kununua magunia kwa pamoja, na wanachama wagawane kwa bei ya gunia. Mwajiri aombwe kutoa jiko kwa mkopo, likatwe kidogo kidogo katika mshahara, baada ya kamati kulijaribu jikoni kwa mwezi mmoja. Mje na hesabu ya makopo yenu ya mwezi uliopita, hata kama imeandikwa nyuma ya karatasi ya mshahara.