Kamati Ikivunjwa, Mpigapicha Analipwa na Nani?

Mwaka jana nilipiga picha sendoff moja Tabata. Tulikubaliana 200,000, nikapewa advansi ya 100,000, nikaondoka kifua mbele. Bumu lilikuwa limeisha, na kwa mwanafunzi hiyo hela si mchezo. Wiki mbili baadaye, picha nimeshakabidhi, nikampigia mhazini kuulizia salio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ila kamati ilishavunjwa, na fungu la picha lilihamia kwenye chakula. Mtafute bibi harusi."

Bibi harusi naye akasema hayo ni mambo ya kamati.

Usiku ule nilichukua daftari nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga kabla ya kusema ndiyo. Nakuwekea hapa kama somo, maana najua hapa chuoni wenye kamera tuko wengi.

Kwanza, gharama. Kukodi lenzi na flashi 50,000. Mshikaji wa kunishikia taa 30,000. Usafiri wa kwenda na kurudi usiku 20,000. Bando la kutuma picha 10,000. Jumla 110,000. Mkononi nilipokea 100,000. Yaani nilitoa 10,000 yangu ili nifanye kazi ya watu.

Pili, muda. Kuanzia saluni saa 7 mchana hadi ukumbini saa 6 usiku ni masaa 11. Kikao na wateja, lisaa 1. Kuchagua picha, masaa 3. Kuhariri picha 300 kwa dakika 3 kila moja, masaa 15. Jumla masaa 30, na wiki ile nilikuwa na UE. Hata wangenilipa yote, ningebaki na 90,000, sawa na 3,000 kwa saa.

Tatu, kamera yenyewe. Inachakaa kila unapobonyeza. Yangu ya mtumba niliinunua 900,000. Nikitaka kununua nyingine baada ya shughuli 30, kila shughuli lazima iniachie 30,000.

Kwa hiyo kanuni ni hii: bei ni gharama, ujumlishe masaa mara malipo ya saa, ujumlishe akiba ya kamera. Nikijiwekea 5,000 kwa saa, napata 110,000 + 150,000 + 30,000, yaani 290,000. Kumbe ile 200,000 ilikuwa hasara tangu siku ya makubaliano, hata kamati isingevunjwa.

Utaniuliza: mteja akisema kuna jamaa anapiga kwa bei nusu? Usishushe bei tupu, punguza na kazi. Picha 150 badala ya 300 zinakuokolea masaa saba na nusu ya kuhariri. Anza ukumbini, saluni iache. Mteja achague.

Halafu andika. Si lazima uende kwa wakili. Ujumbe wa WhatsApp ambao mteja ameujibu "nimekubali" ni bora kuliko maneno ya mdomo. Taja tarehe, masaa, idadi ya picha, siku ya kukabidhi, na muhimu kuliko yote, jina la mtu mmoja atakayelipa. Kamati si mtu. Kamati ina siku yake ya kufa, na siku hiyo inafika mapema kuliko wewe kumaliza kuhariri.

Salio lilipwe kabla hujatoa picha safi. Wakitaka kuona, watumie ndogo zenye jina lako katikati. Na ukitaka kuziposti kujitangaza, omba ruhusa kwa wahusika, maana sura ni zao.

Sisi wa elimu tunafundishwa kwamba kipindi hakiishi bila zoezi. Zoezi lako: chukua kazi yako ya mwisho, andika gharama, masaa na akiba ya kamera, kisha gawanya. Ukipata chini ya 3,000 kwa saa, karibu tulie pamoja. Salio langu mpaka leo sijalipwa.