Shanga za Zamani: Jinsi ya Kuzitambua na Kuzitunza

Mji wa Eldoret ulianza mwaka 1910 kwa posta ndogo katika shamba nambari 64. Lakini katika nyumba za wazee kandokando yake zimo shanga za kioo zilizofika kabla ya mji wenyewe. Wanandi na Wakeiyo walizishona juu ya ngozi. Siku hizi wako wanaozitafuta wazinunue. Basi yafaa mwenye nazo ajue alicho nacho kabla hajakiuza.

Nyingi zilitengenezwa Venice na Bohemia, zikaletwa pwani kwa merikebu, kisha bara kwa misafara. Zilikuwa ndizo fedha za safari. Joseph Thomson, aliyevuka nyanda za Uasin Gishu mwaka 1883, ilimbidi kwanza akae Taveta watu wake wazitunge kwa urefu waliotaka Wamasai, maana urefu mwingine ulikataliwa. Ushanga uliopendwa mno ni samesame, mwekundu nje na mweupe ndani. Richard Burton aliandika mwaka 1860 kwamba uliitwa pia kwa jina lenye maana ya kumaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kutoa chakula chake ili aupate.

Ziko namna mbili kubwa za shanga hizo. Katika namna ya kwanza kioo kilichoyeyushwa kilivutwa kikawa mrija mrefu, kisha mrija ukakatwa vipande. Hapo vipovu vya hewa na mistari hufuata njia ya tundu. Katika namna ya pili kioo kilizungushwa juu ya waya; hapo vipovu na mistari hulizunguka tundu. Lakini shanga mpya nazo huweza kufanywa hivyo. Kwa hiyo zitazamwe pia kingo za tundu, kama zimelika kwa kusuguliwa na uzi miaka mingi.

Uzi wa kale usikatwe, wala ngozi isifumuliwe. Yaandikwe jina la aliyezivaa, kijiji chake, na sherehe aliyozivalia. Bila habari hizo hubaki vipande vya kioo tu. Tena, kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, kitu kilichoingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa kitu cha kale, nacho hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali.

Wazee wazijuao habari za shanga hizo hupungua kila mwaka. Basi mwenye kuzikusanya na aulize kwanza. Kununua kuje baadaye.